Skana ya Ng'ambo ya Barabara

Jumatatu, 3 Machi
Skana imefika dukani! Haitumii waya. Yaani waya upo, nimeurudisha kwenye boksi. Fausta wa steshenari ya ng'ambo ya barabara ana skana kama hii tangu Krismasi, na tangu hapo wateja wangu wanavuka. Basi! Mzee Osea ametoka Hasamba na vyeti vya bintiye Jenista. Maombi ya chuo cha uuguzi yanafungwa Ijumaa saa sita mchana. Nikamwambia kwa Fausta herufi zinafifia. Akaniachia vyeti.

Jumanne, 4 Machi
Kompyuta yangu ni ya Linux, si Windows kama za wengine; virusi havithubutu kuingia. Skana nayo haithubutu. Programu inasema hakuna kifaa. Nimeizima, nimeiwasha, nimeisogeza hadi ikagusana na skrini. Wapi! Mke wangu Loisi akauliza kwa nini nisichomeke waya. Nikamjibu kwamba hajasomea mambo haya. Akasema hata mimi sijasomea.

Jumatano, 5 Machi
Imeonekana! Nimeandika amri tatu kutoka mtandaoni, jina la skana likatokea. Namba zake na za kwenye boksi hazifanani sana, ila kampuni ni ileile. Nikabonyeza. Yangu ikanuna. Ng'ambo, Fausta akapiga ukelele. Kwenye skrini: cheti cha kuzaliwa cha Gwalugano wa Isongole. Simjui. Bila shaka skana ina kumbukumbu za mmiliki wa kwanza. Nimebonyeza mara kumi na moja ili ziishe.

Alhamisi, 6 Machi
Gwalugano haishi. Mzee Osea kapiga simu mara tatu. Loisi anasema Fausta kamwita mchungaji, skana yake inajiwasha yenyewe. Nimecheka sana. Vifaa vya watu wengine!

Ijumaa, 7 Machi
Saa nne asubuhi. Mzee Osea mbele yangu, kofia magotini. Jenista anatafuna ukucha. Nikabonyeza. Kwenye skrini ikatokea karatasi iliyoandikwa kwa kalamu nyekundu, Jenista akaisoma kwa sauti: "Kaka Zabron, hii ni skana yangu. Toka kwenye mtandao wangu. Na mlete mzee huku, muda unakwisha."

Kumbe mchungaji, kabla ya kuomba, alifungua orodha ya waliounganishwa na mtandao wa Fausta. Jina langu lilikuwa la kwanza. Ni kweli, Januari bando liliniishia, Fausta akanipa paswedi ya Wi-Fi yake, kwa siku moja. Sikutoka. Skana nimeiunganisha na mtandao wa simu yangu, kompyuta iko kwenye wa Fausta!

Tukavuka, mimi nyuma kabisa. Dakika tano, maombi yakaenda. Jenista akalia kwa furaha. Fausta hakunigombeza. Alisema tu, "Ningekuazima waya, lakini najua unao." Afadhali angenigombeza.

Jumamosi, 8 Machi
Fausta kabadilisha paswedi. Wivu. Mzee Osea kapiga kushukuru; nimepokea shukrani kwa niaba ya wote. Kwa jumla wiki ilikuwa nzuri. Nimeagiza printa kutoka Nakonde, nayo ya bila waya. Nilimuuliza muuzaji kama inakubali Linux. Akasema inakubali kabisa. Halafu akaniuliza Linux ni nini.