Boneti ni Hatua ya Tisa

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kijiji cha Iwanezawa, Mheshimiwa Makamu wake, Mheshimiwa Makamu wa Makamu aliyetuma udhuru pamoja na figili za kachumbari, Mkuu wa Zimamoto ya kujitolea, wanachama wa Klabu ya Wazee, mabibi na mabwana, nawe Bi Kiyono uliyejikalisha mstari wa mbele na fimbo yako: mimi, Onodera Masakuni, Mkuu wa Kitengo cha Usafiri wa Wazee, nasimama hapa kwa unyenyekevu ambao, wanaonifahamu watakiri, hauna mfano wilaya nzima. (Makofi. Mtu anakohoa.)

Ndugu zangu, sote tunalijua gari letu, lile basi dogo la kuwateremsha wazee hospitalini mjini, lililozimika miaka mitatu iliyopita nyuma ya ofisi na halijawaka tena. Uongozi wenu sikivu haukulala! Wiki ileile niliunda Kamati ya Maandalizi ya Kushusha Injini, kamati ikazaa kamati ndogo ya pistoni, nyingine ya ringi, nyingine ya gasketi, tukafanya upembuzi yakinifu, semina elekezi na warsha mbili kwenye chemchemi za maji moto, na leo natamka bila kumung'unya maneno kwamba mpango wa kuifumua injini ile na kuisuka upya umekamilika kwa asilimia mia moja na nne. (Makofi. Bi Kiyono: "Masakuni, mwanangu, mimi napasuliwa jicho leo saa nane! Theluji imeshaanza kushuka, njia ikifungwa nitabaki kipofu mpaka iyeyuke. Gari linawaka lini?")

Swali zuri sana, Bi Kiyono, nimelipokea, litaundiwa kamati. (Kicheko.)

Wapo wanaonong'ona eti miaka mitatu ni mingi. Waungwana, mpango huu una mihuri thelathini na mmoja! Na kama sote tulivyolelewa, muhuri wa mdogo hugongwa ukiinama kidogo kuuelekea wa mkubwa wake. Sasa karani mmoja, ambaye jina namsitiri ingawa ndiye yule anayejificha nyuma ya jiko la mafuta ya taa, akagonga wake umesimama wima kama mlingoti, tena ubavuni mwa wangu! Ningenyamaza? Thubutu! Nililirudisha faili mwanzo, likazunguka upya miezi minane, na heshima ya injini ikalindwa. (Makofi, ya meza kuu peke yake.)

Hata fundi Hachiro, yule pale mwenye grisi hadi kwenye nyusi, alinijia mwaka wa kwanza akasema, "Mkuu, si ungefungua boneti kwanza tuchungulie?" Nikamwambia, fundi, haraka haraka haina baraka, boneti ni hatua ya tisa. (Fundi Hachiro: "Na ya kwanza ilikuwa chai!") Chai na keki za mchele, fundi, tuseme ukweli wote.

Basi, Injini oyee! (Oyee, hafifu.) Muhuri ulioinama oyee! (Kimya.) Iwanezawa, kazi juu!

Kwa kumalizia, natoa shukrani. Leo asubuhi tumeifikia hatua ya tisa, nikakata utepe na kufungua boneti mwenyewe, kwa mikono hii yenye glavu nyeupe. Namshukuru kwa dhati Bi Kiyono, ambaye kuku wake wametaga humo mayai saba, mahali palipokuwa na injini. Nawashukuru pia wanunuzi wa vyuma chakavu walioing'oa miaka mitatu iliyopita, siku mbili kabla sijaunda kamati, kwa barua halali yenye muhuri wangu, barua ambayo nakiri niliigonga bila kuisoma, kwa kuwa mihuri iliyotangulia ilikuwa imeinama vizuri mno. (Fundi Hachiro anatoka. Nje, kigari chake cha kubebea kabichi kinaunguruma.)

Bi Kiyono, unakwenda wapi? Sijamaliza kukushukuru!

(Bi Kiyono, mlangoni, ameshikwa mkono na fundi: "Nakwenda kupasuliwa jicho, mwanangu. Hili la Hachiro halina muhuri hata mmoja, ila linawaka. Mayai kula wewe.")