Malalamiko Kuhusu Ini la Dada Yangu

Mheshimiwa Mganga Mkuu,

Nakuandikia kutoka wodini kwako, nikiwa nimeegemea mito miwili, na malalamiko yangu ni haya:

1. Mimi ni mwashi. Mawe nimeyazoea, ila nje ya mwili. Daktari wako wa damu alinitoboa mfupa wa nyonga ili ajue kwa nini damu ninayoongezwa haikai. Akarudi na habari kwamba uboho wangu, ambamo damu hutengenezwa, umejaa fuwele za oksaleti, chumvi inayoganda kuwa vijiwe. "Zinapendeza sana kwenye hadubini," alisema. Nilimshukuru, maana sijawahi kusifiwa kitu cha ndani.

2. Alieleza kuwa mkosaji ni ini langu, linalotengeneza oksaleti kupita kiasi. Figo zikashindwa kuitoa, nayo ikahamia mifupani na kuifukuza damu kwenye karakana yake. Dawa ni kupandikizwa ini na figo. Hapo dada yangu mkubwa, fundi cherehani, akasema, "Chukueni kipande cha ini langu na figo moja," kwa sauti ya mtu anayempisha mwenzake kiti. Mimi hakuniuliza.

3. Dada huyu ndiye aliyenibeba mgongoni mama alipofariki. Mpaka leo ananiamulia nile nini, nilale saa ngapi na nioe nani. Hayo yote akiwa nje. Ini lake likishaingia humu, nitabishana naye kwa tumbo la nani?

4. Ana watoto watatu na mume asiyejua hata kuchemsha maji. Asipoamka kwenye meza ya upasuaji, nitawaambia nini? Kwamba mama yenu ninaye humu ndani?

5. Kwa hiyo naomba, vipimo vyake vikionyesha anafaa, mwambieni hafai. Hospitali hukosea majibu ya watu bila kuombwa. Safari hii mtakuwa mmeombwa.

Nisalimie wauguzi wote, mfagizi wa zamu ya asubuhi, na mzee wa kitanda cha pili anayekoroma kwa niaba yetu sote.

Ni mimi mgonjwa wako mtiifu, isipokuwa katika hili,
Mwashi wa kitanda cha dirishani.

Tanbihi: Mheshimiwa, hapa anasema dada mtu. Barua nzima ni mwandiko wangu, kwani yeye kalamu inamshinda. Damu imemwishia, ubishi bado. Aliniapisha niandike kila neno bila kumjibu, nami nimetii. Majibu yangu yametoka leo: ugonjwa huu wa ukoo sina, na ninafaa. Nilipomwambia, aligeukia ukutani akalia, kisha akaniuliza kama nimekula. Tupangieni siku.