Sisi Ndio Kundi la Kulinganishia

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye amepata udhuru na kwa hiyo nafasi yake naishika mimi, Mkurugenzi Mkuu. Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, ambaye kwa mujibu wa barua niliyojiandikia ni mimi vilevile. Naibu wangu, Msaidizi wa Naibu wangu, na yule anayemsaidia Msaidizi. Mganga Mkuu wa hospitali hii iliyotuazima ukumbi wake wa chakula. Wakuu wa idara, wakuu wa vitengo, na wakuu wa vitengo vidogo vilivyomo ndani ya vitengo. Wadau wote wa damu, yaani kila mwenye damu. Wagonjwa wetu wapendwa mlioketi kwenye viti vya plastiki, na nyinyi mliokosa viti mkaamua kusimama kwa moyo wa uzalendo. Ndugu waandishi wa habari, na wewe mwenye kamera hebu sogea huku kushoto, upande huu ndio unaonipenda. Mabibi na mabwana: itifaki imezingatiwa, na kama kuna niliyemsahau, basi ajihesabu ametajwa na atulie. (Makofi. Kipaza sauti kinapiga yowe. Fundi mitambo anakizaba kofi, kinanyamaza.)

Asante fundi. Hiyo ndiyo teknolojia.

Ndugu zangu, leo tunafungua rasmi Kituo cha Umahiri cha Utafiti wa Kitabibu wa Saratani ya Mitoki, Magonjwa Adimu ya Damu na Tiba za Kinga ya Mwili, ambacho kifupi cha jina lake bado kinajadiliwa na kamati ndogo, kwa sababu kifupi cha kwanza kilichopendekezwa kilitokea kuwa kirefu kuliko jina lenyewe. (Kicheko.) Msicheke. Kamati ile imekesha.

Kwa faida ya wasiofahamu, na nitasema taratibu ili hata naibu wangu aelewe, mwilini mwetu mna mitoki, zile tezi za shingoni, kwapani na kinenani, ambazo ni kambi za askari wa mwili. Askari hao wakiasi na kuanza kuzaliana ovyo bila kibali cha mamlaka husika, mitoki inavimba, mtu anakonda, anatokwa jasho usiku mpaka shuka linalowa chapachapa, na hiyo ndiyo saratani ya mitoki. Sasa sayansi ya kileo inafanya nini? Inawachukua baadhi ya askari waaminifu kutoka kwenye damu ya mgonjwa mwenyewe, inawapeleka maabara, inawapa mafunzo rejea ili wamtambue adui, halafu inawarudisha mwilini wakapambane naye. Nasisitiza, mafunzo rejea! Nani katika ukumbi huu ameandaa mafunzo rejea mengi kunizidi? (Naibu anatikisa kichwa kukubali kwamba hakuna.) Ndiyo maana niliposikia habari hii kwenye wokshopu huko ng'ambo, mwili wote ulinisisimka, nikanyoosha mkono, nikamuuliza profesa mbele ya mataifa yote: je, chembe hizo zikimaliza mafunzo zinapewa cheti? Profesa yule alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akaniangalia.

Niliporudi sikulala. Niliunda kikosi kazi, kikosi kazi kikaunda rasimu ya andiko dhana, andiko dhana likazaa rodimapu, rodimapu ikapitiwa na wadau kwa mapana na marefu, na kwa mchakato huo shirikishi tukafikia asilimia mia moja na kumi na mbili ya lengo, kiwango ambacho hata wanahisabati wametuomba tuwaeleze tumekifikiaje. (Makofi kutoka mstari wa mbele. Mstari wa nyuma unauliza lengo lilikuwa nini.)

Wenzetu wa ng'ambo wanajigamba, lakini someni ripoti zao vizuri: wagonjwa wanapata homa kali, wanatetemeka, wengine wanachanganyikiwa mpaka wanawasahau wake zao. Sisi je? Katika kituo chetu, idadi ya wagonjwa waliopata homa ni sifuri. Waliotetemeka, sifuri. Waliosahau wake zao wapo, lakini si kwa sababu yetu. (Kicheko kirefu. Mama mmoja anamkanyaga mumewe mguu.) Nitajieni nchi moja yenye rekodi hiyo!

Na sasa, ili wale wenye mashaka wafunge midomo, namwomba naibu wangu aondoe hicho kitambaa cha kijani hapo nyuma yangu. Ahaa! Tazameni! Hii ndiyo mashine ya kisasa ya kuzungusha chembe za damu, inazunguka kwa kasi ya ajabu, ina dirisha la duara ili mtafiti achungulie, na ina vitufe vya maji ya moto na maji ya baridi kulingana na, e, na aina ya chembe. (Makofi. Dobi wa hospitali anasimama katikati ya ukumbi, mikono kiunoni: "Mheshimiwa, hiyo si mashine yangu ya mashuka? Asubuhi yote naitafuta! Wodi nzima imelalia magodoro matupu!") Mzee, mzee wangu, keti. Keti kwanza. Katika fremuweki ya utafiti, kifaa kimoja kinaweza kuwa na majukumu mtambuka. (Dobi: "Mtambuka nini? Ndani mna mapazia ya wodi ya wazazi!") Yatatoka, mzee, yatatoka safi. Tuendelee.

Nakuja sasa kwenye kiini cha hotuba yangu, na hapa mwandishi mwenye kalamu aandike. Katika wokshopu ile nilijifunza kwamba utafiti wa dawa huwa na makundi mawili. Kundi la kwanza linapewa tiba mpya. Kundi la pili halipewi tiba hiyo mpya, linatazamwa tu, ili wajuzi walinganishe nani kapona na nani hakupona. Hilo linaitwa kundi la kulinganishia. Wenzangu wote mle ndani waligombania kundi la kwanza, wanasukumana kama watoto kwenye bomba la maji. Mimi nikakaa, nikatafakari, nikajiuliza: bila kundi la pili, hilo la kwanza litajijuaje kama limepona? Uti wa mgongo wa sayansi ni kundi la pili! Na kundi la pili halihitaji dawa, halihitaji maabara, halihitaji jokofu! Nikasimama kwa niaba yenu nyote nikatamka kwa sauti: nchi yetu, nzima, inajitolea kuwa kundi la kulinganishia! (Makofi ya wakuu wa vitengo. Wagonjwa wanatazamana.)

Ndiyo! Nyinyi mnaoketi hapa ndio washiriki wenyewe. Mlidhani mmekuja kusubiri? Mmeshaanza!

(Daktari wa damu anasimama, koti lake jeupe halijafungwa vifungo: "Mheshimiwa, samahani. Kundi la kulinganishia nalo hutibiwa! Hupewa matibabu bora yaliyopo kwa sasa. Hakuna mgonjwa wa saratani anayekalishwa bure ili atazamwe.") Daktari, nashukuru kwa mchango wako mzuri, utaingizwa kwenye kumbukumbu. Maswali ni baada ya picha ya pamoja.

Na ili msidhani nawatoa kafara watoto wa wenzangu, niruhusuni nimtambulishe mshiriki wetu wa kwanza. Dada yangu mkubwa, simama dada, wakuone. Huyu ndugu zangu ni fundi cherehani, na ndiye aliyenilea baba na mama walipotutoka. Alinishonea sare za shule kwa vipande vilivyobaki kwenye nguo za wateja, suruali ina mguu wa kijivu na mguu wa buluu, na nikienda kulia kwake ananiambia nenda usome, kichwa hakina rangi. Alipovimba shingo akaja hospitali hii, wakampima, wakamwambia ni mitoki, wakataka kumwanzishia zile dripu za siku zote za dawa ya saratani. Dripu! Dada wa Mkurugenzi Mkuu! Nikamwambia: dada, dripu waachie watu wa kawaida, wewe nisubiri mimi, nakuletea kituo. Na amenisubiri. Hakuuliza hata mara moja. Mpigieni makofi mengi! (Makofi. Dada anasimama pole pole, anashikilia kiti cha mbele yake. Kanga ameizungusha shingoni.)

Asante dada, sasa unaweza ku... (Dada: "Cherehani.") Hilo ndugu zangu ni jina la utotoni, nilikuwa nasema sana, puuzeni. Naam, dada. (Dada: "Nimekusikiliza tangu mwanzo. Mimi niko kundi gani?") La pili, dada. La heshima. (Dada: "Hilo lisilopewa kitu?") Lisilopewa kitu kwa sasa, dada, lakini data zako zina thamani kubwa mno. (Dada: "Data zangu ni hizi mdogo wangu, zilikuwa shingoni, sasa zimeshuka mpaka kwapani. Usiku najikamua kama nguo iliyofuliwa. Niliikataa dripu kwa sababu wewe ulisema. Watu waliniambia usimsikilize, mimi nikawaambia huyu nimemlea mwenyewe, hawezi kuniacha nife.") (Dobi anaketi.)

Dada, kaa basi. Usinitie aibu mbele ya watu. (Dada: "Mimi nakutia aibu?")

Sikuwa na maana hiyo. Mimi nilitaka upate kilicho bora. Niliogopa, dada. Waliponiambia ni saratani niliogopa mpaka nikashindwa kukutazama, na mimi nikiogopa naunda kamati, ndivyo nilivyo. (Anakunywa maji. Anageuza kurasa. Anaipata ile aliyokuwa akiisoma.) Kama nilivyokuwa nikieleza, mkakati wetu unalenga kuleta tija na ustawi jumuishi kwa kuzingatia mnyororo mzima wa thamani. (Kijana wa mstari wa nyuma, mwenye barakoa: "Mheshimiwa, jibu swali la mama! Kituo kiko wapi?")

Kituo kiko kwenye hatua nzuri. Naomba sasa niingie kwenye shukrani, kwa sababu muda si rafiki. Namshukuru mwenye hema, ambalo hatukulitumia kwa kuwa tumo ndani. Nawashukuru wahisani wetu wa ng'ambo, ambao tutawaandikia mara tu tutakapowafahamu. Nawashukuru watafiti wabobezi wa kituo, ambao nafasi zao zitatangazwa baada ya kupatikana mtu wa kuandika tangazo. Namshukuru profesa wa ile wokshopu, ambaye niliposema nchi yetu inajitolea aliniambia, mheshimiwa, hapa ni chumba cha chai, mkutano uko mlango wa pili. Na kwa mamlaka niliyonayo natamka kwamba kituo hiki kimefunguliwa rasmi, na kwamba kitaanza kutafutiwa kiwanja pindi wazo lake litakapoombewa kibali cha kufikiriwa. (Hakuna makofi. Kiti kimoja cha plastiki kinalia kwa kuburutwa.)

(Dada: "Kwa hiyo huko ng'ambo hakuna anayetujua.") Kwa jina, dada, hapana. (Dada: "Basi tunalinganishwa na nani?")

Kwa sasa, dada... kwa sasa tunalinganishwa na sisi wenyewe.

(Dada anamgeukia daktari wa damu: "Mwanangu, ile dripu yangu bado ipo?" Daktari: "Ipo mama. Tumechelewa, siwezi kukuficha, lakini ugonjwa wako una tiba, na tiba yenyewe iko ng'ambo ya korido hii. Twende tukakupime tena leo leo." Dada: "Leo leo." Anaokota pochi yake.)

Ndugu zangu, kabla hatujatawanyika, tumalizie na kaulimbiu ya kituo. Mimi nikisema Kinga Yetu, nyinyi mnaitikia Fahari Yetu! Kinga Yetu! (Kijana mwenye barakoa anamfuata daktari. Wagonjwa wengine wanainuka, wanashikana mikono kupita kati ya viti.) Kinga Yetu! Jamani, hata mmoja? Utafiti Kwanza! Naibu, itikia basi! (Naibu: "Tiba Baadaye!") Si hivyo, naibu, hiyo hatukukubaliana! (Dobi anachomoa waya, anaisukuma mashine yake kuelekea mlangoni. Anawaomba watu njia, wanampa.) Wekeni hiyo mashine! Picha ya pamoja bado! Mwenye kamera, unaenda wapi? (Mwenye kamera: "Na mimi nina mtoki, Mheshimiwa.")

Basi nawashukuru wote kwa kunisikiliza, na kwa uvumilivu wenu, na kwa... Dada! (Anashuka jukwaani, karatasi zinamwagika, yeye hazioni.) Dada, ngoja basi nikushike mkono. Korido ni ndefu. Dada, nisubiri!

(Dada, bila kugeuka: "Nilishakusubiri.")