Wajina wa Mama Mkwe Ndani ya Glasi

Jumatatu, 14 Julai

Nimeachiwa nyumba. Nimeachiwa na mbegu pia, na mbegu ndiyo inayonitoa jasho katika baridi hii ya Kiganjo.

Mke wangu, Mama Watiri, ameondoka asubuhi kwenda Mwea. Mdogo wake, Wachuka, amejifungua msichana wa pili, na kwa desturi yetu msichana wa pili huchukua jina la mama wa mke. Basi huko Mwea sasa kuna Ngendo mchanga, na mama mkwe, Ngendo mwenyewe, yuko huko anambeba wajina wake. Kwangu hakuna. Mungu alitupa Watiri, jina la mama yangu, kisha akatupa wavulana mpaka tukaomba suluhu. Mama mkwe hajawahi kulalamika. Akija kwetu huitazama tu meza wakati wa chakula, kama mtu anayesubiri mgeni ambaye hajafika.

Mwezi wa nne mvua iliangusha mti wake wa avokado, ule wa zamani. Akagawa matunda ya mwisho. Letu alisema tulile, lakini mbegu tuioteshe. Huyo ndiye atakuwa Ngendo wa Kiganjo. Sasa iko dirishani, imechomwa vijiti vya meno ubavuni, makalio ndani ya glasi ya maji. Ina mzizi mmoja na kichipukizi chekundu kama ulimi wa paka. Jumapili mama mkwe anakuja kuipanda kwa mkono wake.

Maagizo ya mke wangu: nibadilishe maji. Nisifanye kitu kingine chochote. Hilo la pili alilirudia mlangoni, halafu akalirudia kwa simu akiwa Karatina. Sijui kwa nini.

Jumanne, 15 Julai

Nimebadilisha maji. Kazi ndogo kabisa!

Baridi kali. Nimekaa dukani (nawauzia makuruta wa polisi rangi ya viatu, brashi na kufuli) nikawatazama wakikimbia, wanatoa moshi puani kama ng'ombe. Nikaiwazia mbegu. Haina hata soksi.

Kisha ikaingia picha kutoka kwa Kioko. Kioko ndiye mume wa Wachuka, Mkamba mpole, na upole wake ndio unaonikera. Naye alipewa mbegu ya mti ule ule, siku ile ile. Yake iko ndani ya mkebe wa rangi, shina limenyooka, majani mapana kama sahani. Chini ameandika: "Huku kuna joto, shemeji. Inajiotea tu."

Inajiotea tu! Mtu ana mtoto wa jina, bado ana mti wa jina. Na mama mkwe atatoka kuangalia ule mti aje moja kwa moja kuangalia ulimi wa paka.

Nimefikiri sana. Kinachonitofautisha na Kioko si akili. Ni joto.

Jumatano, 16 Julai

Nimeileta Mwea Kiganjo!

Jiko la makaa, moto wa wastani, kigae juu ya ukingo wake, glasi juu ya kigae. Baada ya muda glasi ikatoa vijitone vya jasho na ulimi wa paka ukaonekana kusisimka. Mama Watiri akapiga simu kuuliza hali. Nikamwambia mbegu haijawahi kupata joto kama leo. Akauliza, joto la nini? Nikasema la mapenzi. Akasema nibadilishe maji tu.

Kuruta mmoja akaja kubisha, kufuli lake limekwama. Nikamfuata dukani. Likakataa kufunguka. Nikaleta mafuta, nikaleta nyundo, tukapiga hadithi.

Niliporudi glasi ilikuwa haishikiki. Ulimi wa paka umelala ubavu, mweusi. Mzizi umelegea kama tambi.

Nimemchemsha mama mkwe.

Alhamisi, 17 Julai

Nimebadilisha maji. Kwa heshima tu.

Ijumaa, 18 Julai

Mpango wa kwanza: nipate mbegu nyingine. Nimenunua avokado sokoni, nikazipasua zote. Mbegu zote vipara! Hakuna hata moja yenye mzizi. Nimekula avokado asubuhi, mchana na jioni ili kuficha ushahidi.

Mpango wa pili: Munene wa kitalu cha miche, kando ya barabara. Nilimwambia nataka mche wa avokado wa kumpelekea rafiki mgonjwa. Akauliza mgonjwa anataka mche wa nini, si apelekewe supu? Nikasema ni mgonjwa wa moyo. Akanitazama sana, akanipa. Alianza kunieleza jinsi ameuunganisha, kwamba juu ni mti huu na chini ni mti ule, lakini nilikuwa na haraka.

Jumamosi, 19 Julai

Upasuaji.

Nimeukata mche wa Munene karibu na udongo. Mbegu yetu ilikuwa imepasuka kwa moto, kwa hiyo mlango ulikuwa wazi. Nikachomeka shina, nikatia gundi ya viatu, nikashikilia nikiomba. Miwani niliisahau dukani. Sikuihitaji.

Imesimama! Majani ni ya kijani, mengi kuliko ya Kioko. Nimeipiga picha nimtumie, kisha nikajizuia. Unyenyekevu.

Nimelala mchana nikishtuka-shtuka. Nimeota mbegu inaniita "Baba Watiri" kwa sauti ya mama mkwe.

Jumapili, 20 Julai

Walifika baada ya kanisa. Mama mkwe hakutaka hata chai. Alikwenda dirishani moja kwa moja, akaiinua glasi kwenye mwanga, akaipangusa kwa ncha ya leso yake. Mimi nilisimama kofia mkononi. Mama Watiri alitazama mti, akanitazama mimi, akatazama jiko.

"Baba Watiri," mama mkwe akasema, "huyu mtoto mbona amefungwa bandeji?"

Nikainama. Utepe! Utepe wa plastiki wa Munene, pale alipounganisha, umezungushwa shinani vizuri kabisa. Mama mkwe akaugusa kwa kidole. Mti ukatoka mzima-mzima mkononi mwake, na kipande cha gundi chini kama kiatu.

Mama Watiri akashika kichwa.

"Kumbe hata wajina wa mti nimekosa," akasema. Akaiweka glasi chini polepole, kama mtu anayelaza mtoto.

Nilikuwa na uongo tayari, wa kusingizia panya. Haukutoka. Mbele ya mama mkwe ulimi wangu huwa kama wa kukodi, haunitii. Nikasema yote: picha ya Kioko, baridi, jiko. Nikasema nilitaka akiingia amkute wajina wake mkubwa, asiitazame tena ile meza yetu namna ile.

Akauliza, "Wewe ulimwashia moto?"

Nikasema ndiyo, mama.

"Ati asisikie baridi?"

Ndiyo, mama.

Mabega yake yakaanza kutikisika. Mama Watiri akakimbia na kitambaa akidhani analia. Alikuwa anacheka! Alicheka mpaka akakaa. Akasema tangu azaliwe hajaona mtu wa kuwashia mbegu jiko, hata yule Ngendo wa Mwea hulala bila blanketi. Kisha akaomba simu, akampigia Kioko. "Wewe uko na Ngendo wa kulia usiku," akamwambia. "Huyo wa kwa mkebe ni wa Kiganjo. Leta." Nikamsikia Kioko akisema sawa mama, bila hata swali. Upole ule!

Jumatano, 23 Julai

Kioko ameuleta mwenyewe, umefungwa gunia kama mgeni wa heshima. Mama mkwe ameupanda kwa mkono wake, karibu na mlango wa jikoni, akaumwagia maji akiuita kwa jina. Kwenye chakula hakuitazama meza. Alitazama nje. Nimekula ugali kwa mara ya kwanza tangu wiki iliyopita.

Kioko amerudi Mwea mikono mitupu. Sitaki kusema nimeshinda. Lakini mti uko kwa nani?

Mama Watiri ameuzungushia ua wa miiba mikavu, mrefu hadi kifuani. Akasema si wa kuzuia mbuzi. Sasa ametoka kumsindikiza mama yake stendi.

Nimebaki nikiuangalia mti. Umetoka Mwea, haujui baridi. Ukungu unashuka. Jani moja limetikisika, na sidhani ni upepo.

Nimetoa jiko. Makaa machache tu. Na safari hii sijaliweka karibu kama kichaa: liko nje ya ile miiba mikavu, upande unakotoka upepo, ili joto lisukumwe ndani lenyewe.

Mtu hujifunza.