Waraka wa Kujiamini Mbele ya Skrini

Kuanzia mwezi wa tatu, walimu wote wa Wilaya ya Hwapyeong wanajiamini. Ndivyo alivyotangaza Mkurugenzi wa Elimu, Mheshimiwa Bang Se-pil, baada ya kila darasa kufungiwa skrini ya kugusa yenye upana wa mlango wa ghala. Hofu ya walimu mbele ya mitambo, alisema, imefutwa rasmi kwa waraka.

Mwalimu Tak Sun-im wa darasa la tatu aliusoma waraka huo akiwa amesimama, kwa kuwa ulibandikwa juu ya mashine ya kahawa. Ulieleza kujiamini kwa undani wa kupigiwa mfano. Mwalimu anayejiamini husimama wima. Hutabasamu. Haguni. Habonyezi kitufe kimoja mara mbili. Zaidi ya yote, haulizi swali lolote kuhusu skrini, maana swali ni dalili. Dalili ya nini, haikuandikwa, na kuuliza ndiko kulikokatazwa.

Msaada kwa walimu haukusahaulika. Waliitwa ukumbini kwa semina, wakashinda asubuhi nzima wakipaza sauti "Naweza!" kila mwezeshaji alipopiga makofi. Skrini ilikuwepo jukwaani, ingali ndani ya plastiki yake, kwa sababu ni mali ya serikali na isingefaa ichafuliwe na vidole vya watu wanaojifunza. Kisha kila mmoja akapewa cheti na kimbap, wali uliofungwa kwa mwani.

"Umeelewa kitu?" Mwalimu Tak alimnong'oneza jirani yake.

"Nimeelewa kwamba naweza," alijibu mwenzake huku akitafuna. "Kuweza nini, sijaambiwa."

Utani uliishia kwenye aya ya mwisho ya waraka. Mwalimu ambaye angeshindwa siku ya somo la wazi, mbele ya wazazi na mkurugenzi, angenyang'anywa darasa na kupelekwa Kituo cha Kurejesha Kujiamini, huko milimani. Na ili mzee yeyote asijifiche nyuma ya mwalimu kijana, Mheshimiwa Bang aliongeza kifungu chake mwenyewe: kila atakayegusa skrini mbele ya wazazi atapimwa, bila kujali cheo. Mwalimu Tak alikuwa amebakiza mwaka mmoja tu astaafu. Alitaka kuumaliza na watoto wake hawa, na wazo la kuwaacha katikati lilimuuma kweli.

Mwalimu Mkuu Pyo alimfuata hadi mlangoni kwake.

"Mwalimu Tak, chonde, usinitie aibu. Siku ya wageni ni kama kawaida yetu. Mtoto anayejua jibu anyooshe mkono wa kulia, asiyejua anyooshe wa kushoto. Wageni wataona mikono yote juu, basi. Wewe chagua wa kulia."

"Wanangu wameshazoea. Tunafanya hivyo kila siku."

"Kila siku? Hata bila wageni?"

"Hata bila wageni."

Mwalimu Mkuu alimtazama kama mtu aliyesikia kwamba jirani yake hupiga deki hata asipotarajia ugeni. Lakini ilikuwa kweli. Ujanja wa shule nzima wa kuficha ujinga, kwa Mwalimu Tak uligeuka kuwa desturi. Aliyenyoosha wa kushoto alifuatwa na mwenzake, wakatafuta jibu pamoja, na kuchekana kulikuwa mwiko. Siku skrini ilipofungwa ukutani, mkono wa kushoto wa kwanza ulikuwa wa mwalimu mwenyewe. Msichana mmoja mwenye pengo, Yeo-jin, ndiye aliyekwenda kusimama naye. Wakabonyeza, wakakosea, wakacheka, wakaanza upya. Kufikia majira ya maua Mwalimu Tak aliimudu skrini ile vizuri, ingawa kwa njia ambazo waraka haukuzitambua.

Siku ya somo la wazi wazazi walijipanga nyuma ya darasa wakiwa wamevaa malapa ya wageni, viatu vyao wameviacha mlangoni, Mheshimiwa Bang mbele yao, na ubavuni pake mkaguzi wake mtiifu, Bi Ok, aliyekuwa akitoa alama. Somo lilikuwa la kugawanya keki ya mchele iliyochorwa kwenye skrini. Lilikwenda vizuri mpaka skrini ilipogeuka buluu na kudai nywila ya Ofisi ya Wilaya.

Mwalimu Tak aliukumbuka waraka. Alisimama wima. Akatabasamu. Kuuliza kulikatazwa, kwa hiyo hakuuliza, alitangaza.

"Mheshimiwa, skrini inataka nywila ya ofisi yako."

"Haya mambo yanataka kujiamini tu, mama," alisema Mheshimiwa Bang, akaichukua kalamu ya skrini kwa mkono wa kulia na kubonyeza. Picha ya keki ikarudi, imepinduka miguu juu. Akabonyeza tena palepale. Sauti ya mwanamke ikaanza kuhutubia darasa kwa lugha ambayo hakuna aliyeifahamu. Akabonyeza tena. Mwanamke akaongeza sauti.

Mwalimu Tak aliwageukia watoto. "Nani anajua namna ya kuirudisha?"

Mikono yote ilipanda juu, na yote ilikuwa ya kushoto.

"Mnaona, wazazi?" Mheshimiwa Bang alifurahi mno. "Wote wanajua! Hata mimi najua." Na kwa kuwa mkono wa kulia ulishika kalamu, akanyoosha wa kushoto.

Yeo-jin aliinuka, akaenda kumshika mkono wa koti. "Babu, njoo tukae. Tutatafuta pamoja."

"Mimi najua, mjukuu wangu."

"Sasa mbona umenyoosha wa kushoto? Wa kushoto ni wa asiyejua. Usijali, hapa hatuchekani."

Wazazi waliitazama mikono ya watoto, kisha wakamtazama Mwalimu Mkuu, ambaye alikuwa akiyachunguza malapa yake. Bi Ok alikohoa.

"Mheshimiwa, umegusa."

"Nimegusa nini?"

"Skrini, mbele ya wazazi. Na kitufe kimoja mara tatu. Waraka unasema bila kujali cheo."

"Nani kaandika upuuzi huo?"

Bi Ok alisimama wima, akatabasamu, akaandika alama. Swali ni dalili.

Mwalimu Tak alipata alama zote na kubaki na darasa lake. Wakaleta keki ya kweli, wakaigawanya kwa kisu, wakaila.

Mheshimiwa Bang alipelekwa milimani Jumatatu. Kituoni alikalishwa mbele ya skrini iliyokuwa ingali ndani ya plastiki, akaitikia "Naweza" hadi sauti ikamkauka. Alipotaka kujua inawashwaje, alikumbuka kwamba kuuliza kumekatazwa, na sahihi iliyokataza ilikuwa yake. Basi akanyoosha mkono wa kushoto, taratibu, akangoja. Mwezeshaji alimpongeza kwa kujiamini, akaendelea kupiga makofi, na hakuna aliyekuja kusimama naye.