Mfumo Mpya wa Simu ya Lucy

Jumatatu, 3 Juni
Lucy kaja kibandani kwangu hapa Ipinda, katoka Matema. Simu yake ya zamani inaganda, programu mpya zinaikataa. Yeye hufinyanga vyungu na kuwatumia wateja wa Mbeya picha. Mikidadi, muuza simu wa duka la pili, alimshauri anunue nyingine. Nikamwambia aniachie, nitaiwekea mfumo mpya, itakuwa kijana. Akasema ndaga, asante ya Kinyakyusa. Neno moja tu. Nimelisikia hadi jioni, njia nzima ya mashamba ya mpunga.

Jumanne, 4 Juni
Faili linashuka polepole, kama ukungu kwenye Milima ya Livingstone. Nimelitazama saa tatu. Nikajiona na Lucy ufukweni, anawaambia watu kuwa ni mimi, Hezroni, niliyeifufua. Mikidadi akaniamsha. Alisoma namba nyuma ya simu, akasema mfumo wangu ni wa simu inayoishia na A, hii inaishia na F. Tena nihamishe kwanza vitu vya Lucy, visije vikafutika. Wivu wa mfanyabiashara. Herufi moja!

Jumatano, 5 Juni
Nimeflashi, nimeuingiza mfumo wangu saa nne asubuhi. Nembo ikaja, ikapotea, ikaja tena. Inapendeza, kama jua juu ya maji. Saa tisa alasiri bado inakuja na kupotea.

Alhamisi, 6 Juni
Mikidadi kanitafutia mfumo wa F. Hakunicheka. Imeniuma zaidi. Simu imewaka, nyepesi, inakimbia. Lakini tupu.

Lucy alipokuja kuichukua akauliza iko wapi sauti ya bibi yake. Kumbe marehemu alimrekodia namna ya kuchanganya udongo. Nikakosa pa kutazama. Hakulia. Alipapasa kioo kwa kidole chenye udongo mkavu, akasema:

"Maneno ya bibi ninayo kichwani. Sauti ndiyo nilikuwa naisikiliza nikifinyanga. Hezroni, sitaki kukuona tena na simu yangu."

Ijumaa, 7 Juni
Sijafungua kibanda. Sijala.

Jumamosi, 8 Juni
Nimelala chali, harufu ya mpunga mpya inaingia dirishani, nikiyapima maneno yake. Hakusema hataki kuniona. Hataki kuniona na simu yake. Ni mambo mawili tofauti kabisa. Moyo ukatulia kama ziwa.

Mama yake naye ana simu, kuukuu kuliko ile, namba ya nyuma imefutika. Hajaniomba chochote. Kesho nakwenda Matema na laptopu. Mama akirudi kutoka kanisani ataikuta tayari.