Divai Iliyomiminwa kwenye Supu

Kosa ni langu, tena la mdomo. Sokoni Libourne, huku kwetu Ufaransa, kati ya meza ya chaza na ya jibini, nilibwabwaja kwamba jirani yangu, bibi Zélie Lafargue, bado ana kreti ya mwisho ya divai ya marehemu mumewe. Ni ya zabibu za merlot na cabernet franc, mzee aliichanganya mwenyewe, na bibi anaitunza kwa harusi ya mjukuu wake. Pembeni Gaspard Mirambeau alikuwa anachagua vitunguu asivyovihitaji. Masikio yakamsimama kama ya sungura.

Gaspard huyo, Mungu ampe maisha marefu gerezani, anaweza kumuuzia samaki maji. Kesho yake mchana akatua kwa Zélie, skafu shingoni, kreti begani.

"Mama, nimetumwa na chama cha waonjaji. Hebu niione hiyo ya mzee." Akainua chupa kwenye mwanga, akashusha pumzi kama daktari mwenye habari mbaya. "Pole sana. Imekufa."

"Imekufa?"

"Merlot ni laini, mama, uzee haiuwezi. Hii ni siki tu sasa. Lakini mimi nina huruma: nipe hiyo siki, nikuachie hii yangu. Divai ya mabwana! Iweke na bata, wageni watalia."

"Bure?" Macho yakamng'aa bibi. Cha bure anakipenda, simsingizii. "Basi kaa ule kwanza. Na wewe jirani, acha kujifanya unapita tu."

Ikaja supu ya kabichi na maharage, ikafunguliwa chupa ya Gaspard. Akaisifu: eti ladha ya plamu, ngozi, tumbaku, sijui moshi wa kanisani! Mdomo unasifu, mkono ukaenda wenyewe. Supu ilikuwa imebaki kidogo chini ya bakuli. Akamimina divai humo, akazungusha, akainua bakuli kwa mikono miwili, akagugumia.

Kwetu sote tunafanya hivyo, toka kwa babu zetu. Lakini ni kwa divai ya dumu, ile ya bei poa! Kumimina divai ya mabwana kwenye supu ni sawa na kupiga deki kwa manukato.

Zélie akamtazama akifuta masharubu. "Tamu?"

"Tamu sana, mama!"

"Naona. Ongeza bata, mwanangu. Kreti nitakufungia mwenyewe."

Nyundo ikasikika huko chini, kwenye ghala la divai. Gaspard, paja la bata mkononi, akanikonyeza. "Mjini shule, jirani."

Gaspard alipoondoka na kreti, Zélie akapanda na chupa ya mumewe. "Na kama alisema kweli? Nitawapa nini watoto?" Akaifungua, akanusa, akaonja. Kisha akacheka huku machozi yanamtoka. "Mzima kabisa huyu mzee!"

Tukakata bata aliyebaki. Hata hatujamaliza, mlango ukagongwa.

"Mama! Nimefungua chupa pale darajani, umenijazia siki!"

"Si ndiyo uliyoomba? Ya jikoni kwangu hiyo, nzuri kwa saladi."

"Basi nipe kreti yangu!"

"Hiyo ni ya supu. Wageni ni wengi."

Halafu sauti ikapenya tundu la ufunguo, imepoa kabisa.

"Mama... harufu ya hiyo ya mzee inafika mpaka huku. Nionjeshe basi, japo kidogo?"

Zélie akanisogezea glasi yangu.

"Mama? Jirani?"